Mbaraka Mwinshehe: Mjukuu wa Mzenga aliyelipa gita la solo nafasi yake

Likitajwa jina la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mawazo ya wengi yanakwenda Morogoro. Si makosa, maana ndiko alikokulia na ndiko alikopatia sifa. Lakini wasikilizaji wetu wa Vihingo, Mzenga na Maneromango nao wana haki ya kudai sehemu yao. Ukoo wake una asili ya Mzenga, hapa hapa Kisarawe. Babu yake, Mzee Mwaruka, alikuwa chifu enzi za Mjerumani. Baba yake, Mzee Mwinshehe, ndiye aliyetoka kwenda Morogoro kufanya kazi ya ukarani katika mashamba ya mkonge. Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944.

Tunamkumbuka leo kwa sababu ya swali wanalotuletea vijana wanaojifunza gita la umeme. Wamepata pedali mbili, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu. Moja ni busta, inayoongeza nguvu ya sauti. Nyingine ni ovadraivu, inayoifanya sauti ikwaruze. Wanauliza: ipi itangulie? Maisha ya Mbaraka yanasaidia kulijibu.

Morogoro ya ujana wake ilikuwa mji wa muziki. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka ule ule aliozaliwa yeye, 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba, na bendi hizo mbili zikawa watani wa jadi. Mbaraka aliacha masomo ya sekondari akafuata muziki, na katikati ya miaka ya 1960 akaingia Morogoro Jazz. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Mji ukabaki unatafuta sauti nyingine ya kuupa jina, na kijana huyu akawa ndiye. Alitunga, aliimba na alipiga gita la solo. Mashabiki wakampachika jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa.

Mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70, na safari hiyo akaitungia wimbo. Tarehe 25 Desemba 1971 aliuawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, na Mbaraka akamwimbia wimbo wa maombolezo. Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz, akaunda bendi yake, Super Volcano. Nyimbo zake nyingi zilitoka kwenye sahani za santuri zilizotengenezwa Kenya, na "Shida" ni mmojawapo wa zile zinazopigwa redioni hadi leo.

Sasa turudi kwenye gita lake. Bendi ya dansi ya wakati ule ilikuwa na gita la solo, gita la rithim na gita la besi, na nyingi ziliongeza solo la pili. Studioni, kama ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na maikrofoni hazikuwa nyingi. Hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye kulipandisha solo peke yake. Kila mpigaji alijua zamu yake. Kwanza maneno ya wimbo, solo likijibu kidogo kidogo katikati ya mistari. Baadaye waimbaji wanapumzika, chemko linaingia, na solo linapanda mbele.

Sikiliza linavyopanda. Katika sehemu kubwa ya rekodi za Mbaraka sauti ya solo inabaki safi. Halikwaruzi. Linazidi wenzake kidogo tu, na rithim chini yake bado unaisikia nyuzi kwa nyuzi. Sababu ni kwamba magita matatu yakikwaruza kwa pamoja yanageuka kelele moja, na mchezaji hajui tena afuate lipi.

Hapo ndipo mpangilio wa pedali unapohusika. Ukiweka busta mbele, kati ya gita na ovadraivu, unaisukuma ovadraivu ifanye kazi zaidi. Utapata mkwaruzo mwingi na sauti inayodumu muda mrefu, lakini ukubwa wa sauti hautaongezeka sana. Ukiweka busta nyuma, yaani baada ya ovadraivu, mkwaruzo unabaki vile vile ila sauti nzima inakuwa kubwa. Kwa anayetaka solo lipande juu ya wenzake bila kubadilika tabia, kama ilivyo kawaida ya dansi, busta ikae nyuma. Na kama unapiga sauti safi tupu, ovadraivu iache imezimwa. Busta peke yake inatosha.

Kuna tahadhari moja, hasa kwa wenye amplifaya ndogo. Kama amplifaya tayari imefunguliwa mpaka mwisho, busta hata ikiwa nyuma haitakuongezea ukubwa. Itaongeza mkwaruzo tu, kwa kuwa amplifaya yenyewe imefika kikomo. Ipunguze kwanza, ndipo solo lipate mahali pa kupandia. Na jaribio lifanyike bendi nzima ikipiga, kwa sababu ukiwa peke yako chumbani kila mpangilio utauona mzuri.

Mbaraka hakufika uzeeni. Januari 1979, akiwa katika shughuli zake za muziki nchini Kenya, alipata ajali ya gari Mombasa, akapoteza damu nyingi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 34. Cuban Marimba iliendelea baada ya Salum Abdallah, ikiongozwa na Juma Kilaza. Super Volcano haikudumu. Mtunzi, mwimbaji, mpiga solo na kiongozi walikuwa mtu mmoja, na alipoondoka hapakuwa na wa kushika nafasi hizo zote. Vijana mnaounda bendi vijijini, hilo nalo lifikirieni: mfundisheni wa pili wenu solo mapema.

Ukiwa na simu na hedifoni, utafute wimbo wa "Shida" usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi, mara ya pili rithim, mara ya tatu solo. Yote matatu utayapata, kila moja mahali pake. Ukishayatofautisha, chukua pedali zako uzipange.