Siti binti Saad: Sauti Iliyobaki Katika Santuri

Siti binti Saad alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwenye ukoo ulioonja utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Zama hizo Kismayo ilihesabiwa katika milki ya Sultani wa Unguja, na majahazi yalikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi.

Ujanani alifinyanga vyungu, akavitembeza akiimba ili kuwaita wanunuzi. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako Ali Muhsin alimfundisha muziki. Baadaye aliungana na mafundi kama Subeti Ambari, Budda Swedi na Mbaruk Talsam. Taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akieleza mapenzi, dhiki za wanyonge na hukumu zisizo za haki.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu, hivyo wimbo mrefu wa karamuni ulibidi ukatwe. Hata hivyo ziliuzwa kwa wingi, na watu wa pwani wakaisikia lugha yao ikitoka kwenye gramafoni. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake.

Leo baadhi ya santuri hizo zimegeuzwa kuwa faili za kidijitali. Ndani ya faili, sauti ni tarakimu tupu. Katika diski ya CD mawimbi yake hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Katika faili za ubora wa juu yaweza kupimwa mara 96,000 au zaidi. Ili sikio lisikie, tarakimu hizo sharti zirudishwe kuwa umeme unaotikisa spika. Simu na kompyuta zina kigeuzi cha kazi hiyo ndani yake, lakini wapenzi wa muziki hununua kigeuzi cha pekee, wakakiunganisha kati ya simu na kipaza sauti, ili kuepuka uvumi wa umeme uliomo ndani ya chombo.

Kigeuzi hicho, hata kiwe bora namna gani, hakiwezi kutoa kile ambacho maikrofoni ya Bombay haikunasa. Waimbaji wengi hodari wa zama za Siti hawakurekodiwa kamwe, na hakuna mtambo utakaowarudisha. Kwa watu wa Kismayo, Koyama na Chula, ambao wengi wao wametawanywa na vita, jambo hilo lina uzito wa pekee: nyimbo za Kibajuni ambazo wazee wangali wanazikumbuka zaweza kurekodiwa hata kwa simu ya mkononi, maadamu wenye kuziimba wako hai.