Xenophon, Mzee Aliyeijua Hofu ya Farasi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii twaijua sote, lakini nani kati yetu humfikiria punda anaposhtuka? Mimi sikumfikiria. Punda wetu huko Kona ya Musa, kila akifika penye dimbwi la maji, husimama tisti. Nami humcharaza bakora mpaka mkono unachoka, na kesho yake anakataa zaidi. Kumbe mkosa ni mimi! Haya niliyatambua niliposoma maisha ya Xenophon.

Alizaliwa Athens, Ugiriki, yapata mwaka 430 K.K., akawa mwanafunzi wa Socrates. Mwaka 401 K.K. alifuatana na askari wa Kigiriki waliokodiwa na Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliyetaka kumpindua nduguye. Cyrus akauawa vitani, kisha majemadari wa Kigiriki wakauawa kwa hila. Askari yapata 10,000 wakabaki ugenini, roho mkononi. Xenophon alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuwaongoza, wakapita milima na theluji hadi Bahari Nyeusi. Basi huyu hofu aliijua, si ya kusimuliwa.

Baadaye alifukuzwa kwao, akaishi miaka mingi Scillus, karibu na Olympia. Aliandika vitabu vingi, na kimoja chahusu farasi. Humo alifundisha kwamba farasi asiendewe kwa hasira kamwe. Akiogopa kitu, binadamu akiguse yeye kwanza, kisha amsogeze mnyama polepole. Ukimpiga, atadhani maumivu yametoka kwenye kitu kile kile, na hofu itazidi. Tena farasi mchanga apitishwe penye watu na makelele, apate kuzoea. Mzee huyu alifariki yapata mwaka 354 K.K., lakini elimu yake haikuzikwa naye.

Basi nami nikajaribu. Niliingia dimbwini mwenyewe, maji yakanifika vifundoni, nikamwacha punda anuse na kutazama. Siku ya kwanza hakuvuka, tukazunguka. Ya pili akatia mguu mmoja, akaurudisha. Ya tatu akavuka, wala sikumgusa. Wallahi, niliona haya kwa fimbo zote zile za bure.

Jioni babu akaniuliza bakora iko wapi. Nikamwambia, babu, nimeitia kuni.