Hayati Daktari Matthew Lukwiya wa Gulu

Wengi wetu tukisikia Ebola tunafikiria Kongo tu. Leo nakusimulia habari za Mwacholi mmoja, Daktari Matthew Lukwiya, aliyezaliwa mwaka 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji Matthew akiwa na miaka 12. Mama yake alikuwa mchuuzi wa kuvusha majani ya chai hadi Sudan na kurudi na sabuni. (Kumbe chai ilimlea hata yeye, kama inavyotulea sisi wa Kericho na Bomet!)

Mwaka 1983 aliingia hospitali ya Lacor, Gulu. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walikuja kuwateka watawa, yeye akajitoa aende badala yao. Walizunguka naye porini wiki nzima.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wauguzi wanakufa. Akarudi mbio, akakesha akipekua mafaili ya wagonjwa. Hakungoja majibu ya maabara ya Afrika Kusini. Alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, tena akawapigia wakubwa wa wizara moja kwa moja. Angefuata ngazi, loo, wangekwisha wangapi?

Basi ikaanza kazi ya kuwasaka waliokaribiana na wagonjwa. Nani alimlisha? Nani alilala naye? Nani aliosha maiti? Kila aliyetajwa alifuatwa kwa siku 21, kwa maana ugonjwa huweza kujificha mwilini muda wote huo. Gulu ilikuwa na kambi za waliokimbia vita, watu wamebanana kuliko laini zetu za mashamba ya chai. Kumtaja mtu haikuwa rahisi, kwani hata waliopona walikimbiwa na majirani.

Novemba wauguzi walikufa mfululizo, wenzao wakataka hospitali ifungwe. Daktari akawaambia ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena. Wakabaki. Siku mbili tatu hivi, homa ikamshika mwenyewe.

Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Ugonjwa uliisha Februari 2001, ukiwa umepata watu 425 na kuua 224. Alizikwa palepale Lacor, karibu na kaburi la Daktari Lucille Teasdale. Waliomzika walivaa mavazi ya kujikinga, na waombolezaji wakasimama mbali.