Jina Moja kwa Maisha Yote: Mahatma Gandhi na Mantra ya Yaya Wake

Katika kuadhimisha kuanzishwa kwa hekalu letu, tumeona vema kuandika habari za maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana kwa wanachama wote, na vilevile kwa majirani zetu wa hapa Mpui, Wakristo kwa Waislamu, ambao hawakosi kutujia siku ya Diwali. Mtu huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, aliyeitwa Mahatma, yaani mwenye roho kuu. Habari za siasa zake zimeandikwa sana na watoto wetu huzisoma shuleni. Sisi tumechagua upande wa maisha yake usiozungumzwa mara nyingi, nao ni mantra yake. Tumefanya hivyo kwa sababu vijana wetu wanaofanya yoga na kutafakari hutuuliza mantra ipi inafaa, ni nani mwenye haki ya kuitoa, na itumiwe vipi. Wapo pia wanaoibadili kila mwezi kama mtu abadilivyo shati. Tunadhani maisha ya Gandhi yanawajibu vizuri kuliko maneno yetu.

Kwa jirani asiyelijua neno hili, mantra ni neno takatifu au jina la Mungu ambalo mtu hulirudia tena na tena, kwa sauti au moyoni, mpaka fikra zake zitulie. Tendo la kulirudia huitwa japa. Wengi hutumia mala, yaani uzi wenye shanga 108, ambao matumizi yake hayako mbali na ya tasbihi ya Mwislamu au rozari ya Mkatoliki.

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, Gujarat, kwenye pwani ileile ambako wazee wa wengi wetu walipanda majahazi kuja Afrika Mashariki. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa dola ndogo ya Porbandar. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu aliyefunga mara nyingi na kuzitimiza nadhiri zake hata akiwa mgonjwa. Lakini mantra ya Mohandas haikutoka kwa baba, wala kwa mama, wala kwa guru yeyote mwenye wafuasi. Ilitoka kwa yaya wake, mwanamke aliyeitwa Rambha.

Mohandas alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa wezi, aliogopa nyoka, na zaidi ya yote aliogopa mizimu. Usiku ulipoingia hakuweza kutoka nje peke yake wala kulala bila taa, kwa maana alijiona amezungukwa na viumbe vya gizani pande zote. Rambha hakumcheka, wala hakubishana naye kama mizimu ipo au haipo. Alimfundisha tu kulirudia jina la Rama kila hofu inapomjia. Baadaye Gandhi alieleza kwamba alimwamini yaya kuliko alivyoiamini dawa yenyewe, na kwamba hakuendelea nayo kwa muda mrefu utotoni. Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sisi tuishio Ufipa tuna sababu ya kuitazama dawa ya Rambha kwa makini. Jina la Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wetu, wenyeji hulieleza kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Hofu ya uchawi ni hofu ya kweli kwa yule iliyemshika, na katika sehemu nyingi za nchi yetu imewagharimu maisha wazee wasio na hatia, kwa kuwa mwenye hofu alitafuta mtu wa kumlaumu. Rambha hakumnyoshea kidole jirani yeyote, na hakumpeleka mtoto kwa mtu wa kumtaja adui. Alimpa jina la kulishika, na hofu ikatafutiwa dawa mle ndani ilimokuwa.

Baba yake alipokuwa mgonjwa, kijana Mohandas alikuwa akisikiliza Ramayana ya Tulsidas ikisomwa kila jioni na mzee mmoja aliyempenda sana Rama. Usomaji huo ulimwingia moyoni. Baadaye akaja wakati wa shaka. Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria, na aibu ilimpata Waingereza wawili walipomwomba awasaidie kuisoma Bhagavad Gita katika lugha ya asili, ilhali yeye mwenyewe alikuwa hajapata kuisoma. Akaanza kuisoma pamoja nao. Alirudi India mwaka 1891 akiwa wakili, lakini bado mwoga wa kusimama mahakamani.

Mwaka 1893 mfanyabiashara Mwislamu kutoka Porbandar, Dada Abdulla, alimhitaji kwa kesi yake Afrika Kusini. Meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar, na hapo Zanzibar alingoja siku kadhaa kabla ya kuendelea na safari. Hakuna aliyejua wakati huo kuwa kijana yule aliyekuwa akitembea mitaani angekuja kubadili historia ya mataifa. Wiki chache baadaye alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, akakesha katika baridi kali akijiuliza kama arudi nyumbani au abaki. Alibaki, na kwa miaka 21 Afrika Kusini ikawa ndiyo shule yake.

Ni katika Afrika hii ndipo mantra ya utotoni ilipojitokeza tena. Tarehe 10 Februari 1908, mjini Johannesburg, Gandhi alikuwa njiani kwenda kujiandikisha kufuatana na mapatano aliyoyafanya na serikali. Baadhi ya Wahindi wenzake waliona amewasaliti, wakampiga kwa fimbo mpaka akaanguka. Katika kitabu chake kuhusu miaka hiyo ameandika kwamba alizimia huku jina la Rama likiwa midomoni mwake. Alipozinduka aliomba waliompiga wasishtakiwe. Hapa tunaona kazi ya mantra iliyokaa sana ndani ya mtu. Saa ya kipigo haina nafasi ya kuchagua maneno. Hutoka lile lililokwisha kuwamo. Na kama jina lingetoka peke yake, bila ule msamaha uliolifuata, tusingekuwa na la kujifunza.

Alirudi India mwaka 1915. Katika ashramu zake sala ilikuwa alfajiri na jioni, kila siku, kwa saa isiyobadilika. Machi 1930 aliondoka Sabarmati na wafuasi 78, akatembea siku 24 hadi pwani ya Dandi kuvunja sheria ya chumvi. Mwendo ule ulikuwa wa kilomita zipatazo 385, yaani mrefu kuliko kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, na jina la Rama liliimbwa njiani. Kwake japa haikuwa jambo la kukaa tu na kufumba macho. Ilikwenda pamoja na kutembea, kusokota pamba, kusafisha choo na kuuguza wagonjwa.

Kadiri miaka ilivyopita, maana ya jina hilo ilipanuka. Alieleza kwamba Rama anayemwita si mwana wa mfalme Dasharatha pekee, bali ni Mungu yuleyule asiye na umbo, asiyezaliwa wala kufa. Kwa sababu hiyo hakumtaka Mwislamu wala Mkristo aliache jina alilolizoea. Alisisitiza kuwa kila mtu amwite Mungu kwa jina lililo karibu na moyo wake. Katika mikutano yake ya sala aya za Kurani zilisomwa pamoja na maandiko ya Kihindu, na alipopingwa na Wahindu wenzake hakukubali kuziondoa.

Alikataa pia mantra kufanywa hirizi. Mwaka 1946, katika kijiji cha Uruli Kanchan karibu na Pune, alianzisha kazi ya tiba ya asili na kulitaja jina la Rama kuwa dawa kuu. Lakini aliliwekea masharti: chakula cha kiasi, maji safi, usafi wa mwili na makazi, ukweli, na utumishi kwa wengine. Aliyelitamka kwa midomo huku moyo ukiwa mbali, kwake alikuwa hajatamka kitu. Wapo wanaoona kwamba katika miaka hiyo ya mwisho alilitegemea jina kupita kiasi mbele ya dawa za hospitali. Sisi tunakumbuka kuwa Januari 1924, alipougua ugonjwa wa kidole tumbo akiwa mfungwa, alikubali kupasuliwa na daktari Mwingereza katika hospitali ya Pune, akapona. Kwa hiyo mwenye malaria aende zahanati, na mantra yake aende nayo.

Mwishoni mwa mwaka 1946 Wahindu na Waislamu waliuana huko Bengal. Gandhi, mwenye umri wa miaka 77, alikwenda Noakhali na kutembea kijiji hadi kijiji, akiwa peku, kuwafariji waliofiwa na kuwapatanisha waliogombana. Yule mtoto aliyeogopa giza sasa alikuwa akipita katika njia ambazo wenye silaha waliziogopa. Katika siku zake za mwisho aliwaambia waliomhudumia kwamba kipimo cha maisha yake kitakuwa namna atakavyokufa: kama ataweza kuipokea risasi bila chuki, na jina la Rama likiwa mdomoni.

Jioni ya tarehe 30 Januari 1948, mjini Delhi, alipokuwa akienda kwenye sala, Nathuram Godse alimpiga risasi tatu. Manu, mjukuu wa ukoo wake aliyekuwa akimshika mkono, alishuhudia kwamba alianguka akiwa na jina la Rama. Baadhi ya wengine waliokuwapo hawakulisikia. Sisi hatuoni haja ya kugombania pumzi ile ya mwisho, kwa maana miaka iliyotangulia inatosha kuwa ushahidi. Ila kuna jambo moja ambalo kila mwanachama wa hekalu hili analipaswa kulitafakari. Aliyemuua alikuwa Mhindu, aliyelelewa katika dini hii hii na kuyasikia majina haya haya. Kumbe jina takatifu halimwokoi mtu ambaye ameipa chuki nafasi ya kukaa.

Mwaka huohuo sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki na kumiminwa Jinja, Uganda, mahali mto Nile unapotoka ziwani. Hivyo sehemu yake imebaki katika maji ya bara letu.

Kutokana na maisha hayo tunawapa vijana wetu ushauri mfupi. Chagueni jina moja, fupi, mlilopewa na mtu awapendaye, awe mzazi, bibi au guru wa kweli, wala msione aibu likiwa la kawaida. Likisha kuwa lenu, msilibadili kwa kusikia kwamba la mwenzenu lina nguvu zaidi. Kaeni nalo kila siku kwa saa ileile, mgongo ukiwa wima na pumzi ikiwa tulivu, hata kama ni dakika 10 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Fikra zikitoroka, zirudisheni pasipo hasira. Kisha tokeni nalo mwende kazini. Sisi wafanyabiashara tunajua mahali linapopimwa. Mtu akihesabu shanga zake alfajiri, na mchana akanunua maharage ya mkulima kwa lumbesa, shanga zile alizihesabu bure.

 Mungu, kwa jina lolote mnalomwitia, awajalie nyote afya, mvua ya kutosha na mavuno mema.