Arthur Reginald Chater

Arthur Reginald Chater (1896–1979) alikuwa afisa wa Royal Marines, kikosi cha mapigano cha jeshi la majini la Uingereza, aliyefikia cheo cha meja jenerali. Katika Afrika ya Mashariki anajulikana kwa kuongoza ulinzi wa Somaliland ya Kiingereza mwaka 1940.

Alijiunga na kikosi mwaka 1913. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Antwerpen na Gallipoli. Tarehe 23 Aprili 1918 alishiriki katika shambulio la bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji. Kamanda wa batalioni yake na naibu wake waliuawa melini kabla askari hawajashuka. Chater alinusurika, akatunukiwa nishani ya DSO.

Baadaye, ingawa alikuwa askari wa majini, alitumikia miaka mingi jangwani. Aliongoza kikosi cha ngamia nchini Sudan, na mwaka 1937 alikabidhiwa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland, chenye askari Wasomali wasiozidi 600.

Mpango wa ulinzi ulitegemea msaada wa Wafaransa wa Jibuti. Ufaransa iliposalimu amri mwezi Juni 1940, msaada huo ulitoweka. Waitalia walivamia tarehe 3 Agosti wakiwa wengi zaidi, tena na vifaru. Chater alikuwa na batalioni za Punjab, Rhodesia Kaskazini na KAR, na mizinga michache tu. Alichagua kuwazuia Tug Argan, penye vilima kwenye barabara ya Berbera. Jenerali Godwin-Austen alifika tarehe 11 Agosti kushika uongozi, siku ambayo mapigano makubwa yalianza. Baada ya siku nne ngome ilielemewa, na jeshi likaondoka Berbera kwa meli kwenda Aden.

Askari Wasomali waliachiwa wachague kuondoka au kubaki. Wengi walibaki kwao, wakaruhusiwa kuchukua bunduki zao. Eric Wilson, afisa wao aliyedhaniwa amekufa na kupewa Msalaba wa Viktoria, alikutwa hai kati ya wafungwa. Baada ya vita alifanya kazi ya utawala Tanganyika.

Waingereza waliitwaa tena Berbera mwezi Machi 1941. Chater alirudi akiwa gavana wa kijeshi hadi 1943, na kikosi cha ngamia kikaundwa upya. Mwaka 1944–1945 alisimamia operesheni za pamoja za majeshi nchini India na Asia ya Kusini-Mashariki. Alistaafu mwaka 1948.