Gary Kildall, baba wa BIOS: kwa nini ordinateri ya okazio inakuomba ufunguo

Wengi kati yetu hapa Mashariki tunaijua hii hadithi. Unanunua ordinateri ya okazio, ile iliyotumika Ulaya kwanza. Muuzaji anaiwasha mbele yako, inaenda muzuri, unalipa dola zako na unarudi nyumbani na furaha. Miezi inapita. Siku moja, chini ya ekra, upande wa kuume, kunatokea maneno yanayosema Windows haijaaktivwa.

Mimi pia yalinipata. Mashini yangu ilikuwa imefikisha karibu miezi sita. Kijana mumoja wa kibanda akaniomba dola tano, akaingiza kaprogramu ka kuvunja ufunguo, na maneno yakatoweka. Kisha wiki mbili mashini ikajaa virusi, na sauti za emisio nzima zikapotea. Siku hiyo nilijiuliza: kama mashini niliilipa, juu ya nini kile kilicho ndani si changu?

Jibu la ulizo hilo linapitia kwa maisha ya mutu mumoja aliyekufa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Jina lake Gary Kildall. Bill Gates kila mutu anamujua. Kildall, ni watu wa ordinateri ndio wanaomukumbuka zaidi, lakini neno alilolianzisha, BIOS, wateknisia wetu wa Goma, Bukavu na Uvira wanalitamka kila siku.

Mutoto wa walimu wa bahari

Gary Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 katika muji wa Seattle, inchini Marekani. Familia yake ilikuwa na shule ya kufundisha watu kuongoza meli, na yeye mwenyewe alifundisha humo akiwa kijana. Aliingia Chuo Kikuu cha Washington na wazo la kuwa mwalimu wa hesabu. Huko akakutana na ordinateri, na tangu hapo hakuiacha tena. Mwaka wa 1972 alipata daktora.

Wakati ule vijana wa Marekani walilazimishwa kutumika jeshini. Yeye alitumika katika jeshi la majini, lakini kazi yake ilikuwa kufundisha, katika shule kubwa ya jeshi hilo huko Monterey, California. Siku hizo ordinateri nyingi zilikuwa makabati makubwa ya kujaza chumba. Kildall akanunua chipu ndogo ya kampuni Intel, iliyoitwa 4004, akaanza kuichezea. Aliona kama kitu hicho kidogo kitafika siku moja kuwa ordinateri kamili. Intel wakamuchukua awe mushauri wao, na akawatengenezea luga ya kuandikia programu, PL/M.

Shida ilikuwa kutunza kazi. Disiketi zilikuwa zimeanza kufika, lakini mashini ndogo haikuwa na programu ya kupanga mafailo juu yake. Kildall akaiandika. Rafiki yake John Torode akatengeneza sehemu ya umeme ya kuunganisha disiketi na mashini. Mwaka wa 1974, katika muji mudogo wa Pacific Grove, karibu na Monterey, sistemu ile ikafanya kazi. Jina lake CP/M.

Intel hawakuichukua. Basi Gary na bibi yake Dorothy wakafungua kampuni yao wenyewe, iliyokuja kujulikana kwa jina la Digital Research. Dorothy ndiye alishika mambo ya biashara.

Mutafsiri wa kanisani

Hapa ndipo kazi yake kubwa. Kila fabriki ilitengeneza mashini kwa namna yake, na kila mara Kildall alipaswa kuandika CP/M upya. Akachoka. Akaigawanya sehemu mbili. Sehemu kubwa haibadiliki kamwe. Sehemu ndogo peke ndiyo inajua mashini hii ina disiketi gani, klavie gani, ekra gani. Ile sehemu ndogo aliiita BIOS.

Muelewe hivi: muhubiri anatoka mbali na mahubiri yake moja. Akienda Walungu, anapata mutafsiri wa Mashi. Akienda Masisi, anapata wa Kihunde. Mahubiri hayabadiliki, mutafsiri ndiye anabadilika. BIOS ni ule mutafsiri. Tangu hapo, sistemu moja iliweza kwenda juu ya mashini yoyote. Kufika mwaka wa 1981, CP/M ilikuwa inatumika juu ya aina karibu 3,000 za ordinateri.

Na bei ikapanda. Kampuni ndogo iliyoitwa GNAT, kati ya wa kwanza kununua lisansi, yaani ruhusa ya kutumia, ililipa dola 90 tu. Mwaka wa 1977 kampuni nyingine, IMSAI, ililipa dola 25,000. Watu walianza kuelewa kama ndani ya ordinateri muna kitu cha pili kinachouzwa, kisichoonekana kwa macho.

Siku ya IBM

Katika mwaka wa 1980, IBM, kampuni kubwa kuliko zote za ordinateri, ilitaka kutoa mashini ndogo. Wajumbe wake wakaenda Pacific Grove kutafuta sistemu. Asubuhi ile Kildall alikuwa amerusha ndege yake ndogo kwenda kuonana na mukliente mwingine. IBM wakamupa Dorothy karatasi ya siri waisaini mbele ya maongezi yoyote, na avoka wa kampuni akawa na mashaka nayo. Watu wengi wamesimulia kama Kildall alikuwa anatembea tu angani akapoteza bahati. Si vile. Alikuwa kazini. Lakini mapatano hayakufika, maana IBM walitaka kulipa mara moja, naye alizoea kulipwa kwa kila kopi.

IBM wakageukia Microsoft, kampuni ya Bill Gates. Microsoft haikuwa na sistemu ya namna hiyo. Ikanunua ile iliyotengenezwa na Tim Paterson wa Seattle Computer Products, aliyeifuatisha CP/M katika namna ya kufanya kazi: kwanza ruhusa kwa dola 25,000, halafu katika Julai 1981 haki zote kwa dola 50,000. Mwezi uliofuata, mashini ya IBM ikatoka.

Kildall alipoona vile sistemu ile inafanana na yake, alilalamika. IBM wakakubali kuuza pia CP/M. Lakini katika butike, ile ya Microsoft iliuzwa dola 40, na ile ya Kildall dola 240. Mununuzi hakufikiri mara mbili.

Tena Microsoft ilitunza kitu kimoja katika mukataba wake na IBM: haki ya kuuza sistemu hiyo kwa fabriki zingine. Fabriki nyingi zilipoanza kutengeneza mashini zinazofanana na za IBM, nazo zikalipa lisansi. Hapo ndipo ilienea ile desturi ya fabriki kununua sistemu mbele, na mutu wa kawaida kuilipa ndani ya bei ya mashini bila kujua.

Miaka ya mwisho

Kildall hakukufa masikini. Kampuni yake iliendelea, na mwaka wa 1988 ikatoa DR DOS, iliyoshindana na ile ya Microsoft. Yeye mwenyewe alisaidia kuweka ansiklopedia nzima juu ya sidi, na kwa miaka kadhaa alionekana kwenye televisheni akieleza ordinateri kwa watu wa kawaida.

Lakini mufungo ulikuwa umeanza. Katika kopi ya majaribio ya Windows 3.1, wateknisia walivumbua sehemu iliyofichwa iliyochunguza kama chini yake kuna sistemu ya Microsoft ao hapana. Ikikuta DR DOS, ilitoa maneno ya kosa. Katika kopi iliyouzwa, sehemu ile ilizimwa, lakini jambo lilifika mpaka mahakamani na likaisha kwa mapatano mwaka wa 2000.

Kildall hakuona mwisho wa kesi hiyo. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1991 Digital Research iliuzwa kwa kampuni Novell. Simulizi la ndege lilimufuata kila mahali na lilimuumiza, akaandika kitabu cha maisha yake bila kukitoa kwa watu wote. Katika Julai 1994 aliumia kichwa ndani ya baa moja ya Monterey, akafa tarehe 11, akiwa na miaka 52. Mwaka wa 2014 shirika la wainjinia IEEE liliweka kibao mbele ya nyumba ya Pacific Grove kukumbusha kazi yake.

Ufunguo ulio ndani ya chipu

Sasa turudi kwa mashini yako. Kildall alitengeneza BIOS kusudi sistemu isifungwe juu ya mashini moja. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, fabriki zinaandika namba ya ufunguo wa Windows ndani ya chipu ileile ambayo bado tunaiita BIOS. Mahali alipopatengeneza kwa kufungua, leo panatumika kwa kufunga.

Ndiyo sababu teknisia akibadilisha plake kubwa ya umeme inayobeba vyote, lisansi inabaki juu ya plake ya zamani.

Kuna pia mashini zilizotoka katika ofisi kubwa. Nyingi kati ya hizo ziliaktivwa na serveri ya ofisi yao, na zinapaswa kuzungumza nayo tena mbele ya siku 180 kuisha. Ikishafika kwetu, haioni tena serveri ile. Siku 180 ni miezi sita. Teknisia mwingine aliponieleza hivyo, nilielewa kilichoipata mashini yangu: muuzaji pengine hakunidanganya, yeye pia hakujua.

Basi, ndugu musomaji, mbele ya kutoa dola zako, uliza muuzaji afungue mipangilio na akuonyeshe pale pa aktivasio, mashini ikiwa kwenye intaneti. Angalia kama imeandikwa lisansi ya dijitali ao lisansi ya shirika. Ikiwa ya shirika, punguza bei ao uache. Uliza pia kama plake ilibadilishwa. Na kama pesa ya lisansi haiko, sistemu ya Linux haiombi ufunguo, na inaenda muzuri hata juu ya mashini ya zamani. Ni kheri hiyo kuliko kaprogramu ka dola tano.

Siku ingine teknisia akibonyeza F2 ao Delete mbele yako akisema anaingia katika BIOS, muulize kama anamujua mutu aliyeipa jina hilo. Mimi nilimuuliza wa kwetu. Hakumujua, akaomba nimuandikie jina juu ya karatasi.