Yakobo wa Yerusalemu: Aliyeuawa kwa jina la sheria aliyoishika

KATIKA mihadhara yetu ya dini, jina la Paulo halikosekani. Ikiulizwa ni vipi Wakristo waliacha kutahiri na wakahalalisha nguruwe, ilhali Nabii Isa (a.s.) alitahiriwa na aliishi chini ya Taurati, jibu huwa moja tu: Paulo. Takbir inaitikiwa na mada inafungwa.

Lakini ndugu msomaji, yupo mtu tusiyemtaja, naye ndiye aliyewaongoza wafuasi wa Isa mjini Yerusalemu wakati Paulo akizunguka miji ya Warumi. Huyo ni Yakobo. Asiyemjua Yakobo hawezi kumzungumza Paulo kwa uadilifu.

Huyu si Yakobo mwana wa Zebedayo, mmoja wa wale kumi na wawili. Agano Jipya linamtaja kuwa ni ndugu yake Yesu. Wakristo wenyewe wamekhitilafiana juu ya udugu huo. Wakatoliki wanasema ni jamaa wa karibu, Waprotestanti wengi wanasema ni mtoto wa Yusufu na Mariamu, na Waorthodoksi wanasema ni mtoto wa Yusufu kwa mke aliyetangulia. Qur'an haikumtaja. Sisi tunabaki na lile tunaloliamini, kwamba Maryam alimzaa Isa akiwa bikira.

Injili ya Yohana, sura ya 7, inaeleza kuwa hapo mwanzo ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye Yakobo alikuja kuwa nguzo. Paulo mwenyewe, katika waraka wake kwa Wagalatia, anamtaja wa kwanza miongoni mwa watatu waliohesabiwa kuwa nguzo, kabla ya Petro na Yohana.

Alikuwa mtu wa ibada. Hegesippus, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, alipokea kuwa Yakobo hakunywa mvinyo wala hakula nyama, na kwamba magoti yake yalikuwa na sugu kama ya ngamia kwa wingi wa kupiga magoti Hekaluni akiwaombea watu msamaha. Hata kama masimulizi hayo yametiwa chumvi, yanaonesha alivyokumbukwa. Watu walimwita Mwenye Haki.

Mtihani mkubwa ulimfika mnamo mwaka 49. Watu wasio Wayahudi walikuwa wakiingia katika imani, na baadhi ya waumini waliotokana na Mafarisayo wakashikilia kuwa lazima watahiriwe na washike Taurati yote. Kikao kikaitishwa Yerusalemu, nacho kimesimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 15. Baada ya Petro, Paulo na Barnaba kusema, Yakobo ndiye aliyetoa shauri lililopita. Watu wa mataifa wasitwishwe mzigo wa kutahiriwa, ila wajiepushe na mambo manne: vilivyotolewa kwa masanamu, zinaa, mnyama aliyenyongwa na damu.

Tuzingatie hapa. Ruhusa ya kutotahiri haikuwa ya Paulo peke yake. Ilipitishwa na wazee wa Yerusalemu, na ilikuwa kwa wasio Wayahudi. Hakuna aliyewaambia Wayahudi waache Taurati. Na katika yale manne, Muislamu anayatambua makatazo yaliyomo katika dini yake mwenyewe.

Hata hivyo mvutano haukwisha. Huko Antiokia walipofika watu kutoka kwa Yakobo, Petro alijitenga na meza ya wasio Wayahudi, na Paulo akamkemea hadharani. Mnamo mwaka 57 Paulo alirudi Yerusalemu akikabiliwa na tuhuma kwamba anawafundisha Wayahudi kuacha sheria ya Musa. Yakobo na wazee walimtaka ajitakase Hekaluni na awalipie gharama watu wanne waliokuwa na nadhiri, ili ijulikane kuwa naye anaishika sheria. Paulo alikubali.

Mwaka 62 liwali wa Kirumi, Festus, alifariki, na mrithi wake Albinus akawa bado yuko njiani. Kuhani mkuu Ananus akaitumia nafasi hiyo. Aliitisha baraza, akamshitaki Yakobo na wengine kuwa wamevunja sheria, wakapigwa mawe. Habari hii ameiandika Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi. Anaongeza kuwa waliochukizwa na kitendo hicho walikuwa watu wa mji waliokuwa makini zaidi katika sheria. Wao ndio waliopeleka malalamiko, na Ananus akaondolewa baada ya miezi mitatu tu ya ukuhani wake.

Miaka minane baadaye, mwaka 70, Warumi waliibomoa Yerusalemu na Hekalu lake. Jamaa ya Yakobo ikadhoofika, na waumini wasio Wayahudi wakawa ndio wengi. Ruhusa iliyotolewa kwa wachache ikawa kanuni ya wote. Ilipofika mwaka 180 hivi, Askofu Irenaeus aliwahesabu Waebioni, waumini wa Isa walioendelea kushika Taurati na kumkataa Paulo, kuwa ni wazushi. Sheria haikuachwa kwa waraka mmoja wala kwa mtu mmoja.

Maisha haya yana mafunzo mawili kwetu. La kwanza, tunapojadiliana na jirani zetu Wakristo tuieleze historia yao kama ilivyokuwa, hata pale inapotunyima ushindi mwepesi. Suratul Maida imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse jirani. La pili ni zito zaidi. Ananus alikuwa na cheo na aliitaja sheria, lakini walioilinda sheria siku ile ni wale waliosimama kumtetea mtu aliyedhulumiwa kwa jina lake, ingawa hawakuwa wafuasi wake. Kila mmoja wetu ajiulize, siku dini itakapotumika kumdhulumu mtu asiye wa kundi lake, yeye atasimama upande gani?

Wallahu a'lam.